Kibuyu Nilichosugua Nusu

Kila nikinusa moshi wa senetwet, ule mti ambao kwetu hutoa mkaa wa kusugulia vibuyu vya maziwa, pua yangu hunirudisha jikoni kwa mama, kijijini Mogogosiek, na uso hunipata joto ambalo si la moto. Ni aibu. Nitakusimulia wewe, kwa sababu nyanya yangu alishafariki na huwezi tena kwenda kumwambia.

Nilikuwa na miaka kumi, katikati ya miaka ya tisini, dada yangu Chepkoech alipoitwa chuo kikuu Nairobi. Upande wetu wa kilima hakuna msichana aliyekuwa amefika huko. Baba, ambaye sikuwahi kumwona amebeba hata ndoo ya maji, alibeba sanduku la Chepkoech begani kupita katikati ya majani chai mpaka barabarani. Jogoo niliyemlea tangu akiwa kifaranga alichinjwa kwa heshima yake, nami nikapewa shingo. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, lakini kwetu mambo yalikuwa kinyume, maana aliyeondoka ndiye aliyekuwa na kila kitu. Katika maombi ya jioni mama alimtaja Chepkoech kwa jina, akamtaja ng'ombe wetu kwa jina, kisha akamwomba Mungu awakumbuke "na hawa watoto wengine." Watoto wengine nilikuwa mimi peke yangu.

Kitanda tulichokuwa tukilalia wawili kikawa changu. Nilikuwa nimekitamani miaka yote, kwa kuwa Chepkoech alikuwa na miguu baridi na tabia ya kuvuta blanketi. Sasa blanketi lote lilikuwa langu na usingizi haukuja. Hata hilo nilimlaumu yeye.

Mwezi wa pili tangu aondoke barua ikaja, na kama kawaida ni mimi niliyewasomea mama na nyanya. Chepkoech aliandika kwamba chakula kilikuwa hakimpiti kooni. Darasani alikaa nyuma kabisa, akiogopa kuulizwa swali, kwa sababu siku ya kwanza alipojibu watu waliucheka usemi wake. Alikaa chumba kimoja na wasichana watatu wa Nairobi ambao hakujua azungumze nao nini, mpaka siku moja akawaeleza habari za mursik, maziwa yetu ya kibuyu, na wakasema wangependa kuonja. Aliomba atumiwe kidogo. Nilisoma yote hayo kwa sauti kubwa bila kumhurumia hata chembe.

Nyanya aliinuka, akatoa ukutani kibuyu kidogo chenye shanga. Kibuyu hicho alikuwa ameniahidi mimi.

"Chelang'at," mama akaniambia, "sugua hiyo vizuri, mara tatu. Mwalimu jirani anaenda Nairobi wiki ijayo, ataibeba."

Kila mtoto wa kwetu alijua kazi hiyo. Unaingiza makaa ya senetwet yangali mekundu, unayasaga kwa ufito kuzunguka ukuta wa ndani mpaka chini kabisa, unakung'uta, unarudia. Ukipuuza sehemu, maziwa huoza badala ya kuganda vizuri. Nami nilijua. Nilisugua shingo ya kibuyu mpaka ikang'aa kwa weusi, lakini tumboni sikugusa. Macho ya nyanya yalikuwa yamefifia, kwa hiyo alikagua kwa pua. Alinusa mdomo wa kibuyu, akanisifu kwamba nimekuwa msichana mkubwa. Mama akamimina maziwa, akafunga.

Nikasubiri lawama. Ikaja barua fupi: maziwa yalifika, wasichana wa chumbani walikunywa wakamaliza, mwambieni Chelang'at asante. Nilikasirika kuliko mwanzo. Nilijiambia kwamba huyu hata maziwa yaliyooza yanamtii.

Alipokuja likizo alikuwa amekonda. Alinikabidhi kibuyu, kimeoshwa kwa sabuni mpaka kimepoteza harufu yote. "Shika," akasema. "Ni yako. Nyanya alikuahidi." Nikakichukua kama mshindi, bila hata kumuuliza habari za huko.

Miaka tisa baadaye ikawa zamu yangu. Wiki ya pili chuoni nilikuwa nikijifungia chooni wenzangu wakienda kula, ili wasijue kwamba sina wa kukaa naye mezani. Jumamosi mlango ukabishwa. Ni Chepkoech, siku hizo akifanya kazi mjini, na kibuyu mkononi. Wenzangu watatu wa chumbani wakatafuta vikombe mara moja. Akawaambia wangoje kidogo, akajimiminia, akaonja kwanza yeye. Kisha akanitazama.

"Hii nimesugua mpaka chini, Chela."

Nikamtoa nje kwenye ushoroba kwa kisingizio cha kumwonyesha bafu. Hapo ndipo aliponieleza. Wasichana wake watatu walikuwa wamekaa kitandani, vikombe mkononi, naye anamimina kwa fahari. Yakatoka mabonge ya kijani, na uvundo uliowafukuza chumbani. Walimwita Maziwa mpaka alipomaliza masomo. Nilimuuliza kwa nini basi aliandika vile.

"Mama angekuchapa," akasema, "na mimi nilikuwa mbali."

Nililia kama mtoto, mtu mzima wa miaka kumi na tisa. Wakati nikiamini kwamba ameondoka na kila kitu cha nyumbani, yeye alikuwa peke yake na watu wanaomcheka, na bado akapata nafasi ya kuufikiria mgongo wangu. Na kilichokuwa kikiniuma hakikuwa jogoo wala shanga. Nilikuwa nikiitaka miguu yake baridi kitandani.

Tuliporudi ndani, mmoja wa wenzangu akauliza kama huyu ni dada yangu wa tumbo moja. Nikasema ndiyo. Akasema yeye kwao hana dada, na upweke wa sauti yake niliutambua mara moja. Nikamwongezea maziwa.