Upana wa Kichochoro

Mume wake alikuwa mchimba mitaro na mashimo ya maji taka, na kwa kuwa sululu haikumtoka begani, mtaa mzima ulimwita Sululu. Mke naye akawa Mama Sululu, ingawa hawakujaliwa mtoto wa jina hilo wala wa jina jingine. Alilizoea. Hata mwenye jina alipokufa, watu hawakuona sababu ya kumtafutia jipya, naye hakuwaomba.

Sululu alifia kazini. Alikuwa chini ya shimo nyuma ya nyumba ya nesi mmoja mstaafu, kwenye kichochoro kilichobanwa kati ya ukuta wa nyumba na ukuta wa jirani. Mdogo wake alikuwa juu akivuta ndoo kwa kamba. Bomba la jirani lilikuwa linavuja kimyakimya, udongo umeshalewa maji pasipo mtu kujua. Mdogo mtu aliinama kumwaga ndoo. Alipogeuka, shimo lilikuwa limejifunga. Alisimulia baadaye kwamba hakusikia kelele, ila mshindo mzito kama wa gunia linapotuliwa chini. Alichimba kwa mikono mpaka kucha zikamtoka. Majirani wakaja mbio na majembe, lakini waliyemfikia hakuwa tena mtu wa kuitikia.

Tangu siku hiyo yule shemeji hakutia mguu ndani ya shimo. Hata mtaro wa kufika magotini ulimtoa jasho. Mama Sululu naye alikuwa na lake, ambalo hakumwambia mtu. Sululu enzi za uhai wake hakuwa mbishi. Jambo likimkaa vibaya alikohoa tu, kikohozi kifupi cha kusafisha koo, kisha akanyamaza, nawe ukajua hapo hapo kwamba hajakubali. Mwenye kikohozi alikwenda kuzikwa, kikohozi kikabaki. Mama Sululu akimimina unga kwenye debe, ule unga ukiporomoka, alikisikia nyuma ya kisogo chake. Lori likimwaga kokoto barabarani, alikisikia. Aligeuka, hakuona mtu, akaendelea na shughuli zake.

Kazi ya mitaro hawakuwa na namna ya kuiacha, maana ndiyo waliyoijua. Zamani Sululu na mdogo wake walichimba, naye Mama Sululu alizungumza na wateja, akapima, akawasimamia. Wateja waliendelea kuja. Wengine walikuja na rambirambi na papo hapo wakauliza nani atawamalizia shimo lao. Ndipo akakata shauri kwamba atanunua trekta dogo, lile lenye sepeto la kubebea udongo mbele na kijiko cha kuchimbia nyuma, ili asiwepo tena mtu wa kushuka chini. Chama chao cha akiba kikamuunga mkono, shemeji akakubali kujifunza kuliendesha, na asubuhi moja wakaenda wawili kwenye yadi ya matrekta iliyokuwa pembeni mwa mji.

Yadi ilikuwa uwanja wa changarawe wenye harufu ya grisi na mpira mpya. Matrekta yalipangwa kwa ukubwa kama watoto wa shule kwenye mstari. Shemeji hakuhangaika na madogo. Alikwenda moja kwa moja kwenye lile la mwisho, kubwa kuliko yote, akaushika mkono wake wa kuchimbia na kuupapasa mpaka kwenye meno ya kijiko.

“Hili hapa, shem,” alisema. “Tukichukua hili hatutajuta.”

Muuzaji alikuwa mzee mmoja aliyekula chumvi nyingi, ovaroli yake imeiva mafuta. Hakulisifu wala kuliponda. Aliwauliza wanachimba nini, kwenye udongo gani, na wanafikaje huko kwenye kuchimba. Shemeji akajibu kuhusu kina. Kuhusu njia ya kupita akasema watu watabomoa wanachobomoa.

“Watu hawabomoi nyumba kwa ajili ya shimo la choo,” mzee alisema taratibu. “Kapimeni kwanza mahali penu pembamba kuliko pote. Mkishapajua, mje tuzungumze.”

Mama Sululu hakuwa na haja ya kuulizwa ni wapi. Alimwacha shemeji kwenye kituo cha basi, akamdanganya kwamba ana mgonjwa wa kumjulia hali, akapiga moyo konde akaenda kule ambako hakuwa amerudi tangu walipombeba mumewe.

Nesi mstaafu alimfungulia geti mwenyewe. Walisimama wakitazamana, kila mmoja akingoja mwenzake aanze. Mama Sululu akasema amekuja kupima upana wa njia ya nyuma, basi. Nesi akamtangulia, ila alipofika kwenye kona ya nyumba akasita, akaegemea ukuta, akamwonyesha kwa kidevu.

Kichochoro kilikuwa na kivuli na ubaridi ingawa jua lilikuwa kali nje. Mwishoni, mabati yaliyochakaa yalifunika lile shimo, yamegandamizwa kwa matofali, na majani yalikuwa yameota kuyazunguka. Mama Sululu alitoa kamba mkobani. Akaikaza kutoka ukuta hadi ukuta pale mwanzoni, akafunga fundo. Akasogea ndani kidogo, akaikaza tena, maana kuta za mafundi wa mtaani hazinyooki. Kila hatua aliyoingia ndani alipima, na kila alipopima nafasi ilizidi kubana. Alipokaribia mabati alisikia udongo ukiporomoka chini yake, punje chache tu, kama mtu aliyekaa vibaya amejisogeza. Kisha kikohozi kikasikika, kile kile kifupi.

Hakukimbia. Alibaki amechuchumaa, kamba mkononi, akingoja aambiwe jambo jingine. Hakuambiwa.

Alipotoka, nesi alikuwa bado ameegemea kona, uso umemshuka. “Nilidhani umekuja kunilaumu,” alisema.

“Nimekuja kupima, dada.”

“Mimi mabati yale niliyaweka, sijayafunua tena. Mvua ikinyesha nahamia chumba cha mbele. Nimehudumia wanaokufa maisha yangu yote ya kazi, lakini yule…”

Walirudi yadini kesho yake, na kamba ikamaliza ubishi wa trekta kubwa. Mzee aliitandaza kati ya magurudumu, ncha zake zikaishia kabla ya kufika popote. Shemeji alitazama pembeni, akanung’unika kwamba si kila kazi iko vichochoroni, kwamba zilizoko huko wangeziacha. Mama Sululu alikuwa ameshahamia upande wa pili wa mstari, kwenye lile dogo kuliko yote. Lilikuwa jepesi, zuri, jekundu kama pipi. Lingepita kichochoroni na kuacha nafasi ya mtu kupunga mikono. Aliugusa usukani akajiona anakaribia kusema ndiyo.

Kikohozi kilikuja pale pale juani, mchana kweupe, karibu na sikio lake la kushoto.

Akaondoa mkono. Akamwomba mzee lijaribiwe, sepeto lijazwe udongo mbichi hasa, lipandishwe juu, halafu lipinde kona kwenye ule mteremko wa nyuma ya karakana. Mzee alimtazama kidogo, akaitikia. Akasema afadhali lioneshe tabia yake hapa kuliko kwa mteja. Akamfunga shemeji mkanda, akamwonyesha wenzo wa kuinulia, akamwagiza apandishe sepeto kidogo tu, akatembea ubavuni kwake. Shemeji akajaza, akapandisha. Tena akapandisha kuliko alivyoambiwa, maana ule wenzo ulikuwa mwepesi. Alipoanza kupinda, gurudumu la nyuma la upande wa juu liliacha ardhi. Liliinuka pole pole, bila haraka, likawa linazunguka hewani.

“Shusha,” mzee alisema. “Shusha sepeto. Shusha, kijana wangu.”

Shemeji hakushusha. Alikuwa ameganda, macho yameelekea kule lilikokuwa linainamia, kana kwamba amemwona mtu kule chini. Mzee ilibidi arukie ngazi na kuusukuma ule wenzo mwenyewe. Udongo ukamwagika, gurudumu likarudi chini kwa kishindo. Shemeji alifungua mkanda akaenda kukaa kwenye tairi kuukuu, akafunika uso kwa viganja.

Mama Sululu alikaa kando yake. Hakumhimiza. Shemeji alianza kuongea mwenyewe, kwa sauti ya chini, akitazama changarawe. Alisema tangu jana alilitaka lile kubwa kwa sababu ya urefu wa mkono wake. Mtu anakaa huko kwenye kiti, shimo liko kule mbali, hata likijifunga hata mshindo hausikii.

“Najua,” Mama Sululu alisema.

“Basi kwa nini unanikatalia, shem?”

“Kwa sababu halingeingia kule. Mashine isipoingia wataita mtu na jembe, naye ataingia. Kaka yako aliingia kwa sababu hakuna kingine kilichoweza kuingia.”

Mabega ya shemeji yalilegea, na Mama Sululu alipoinuka, aliinuka naye.

Lililobaki lilikuwa la katikati. Upana wake uliizidi kamba, lakini mzee alieleza kwamba magurudumu yake ya nyuma yanaweza kufunguliwa na kugeuzwa yakaingia ndani, na hapo lingepita likiwa limepumua kidogo tu kila upande. Hakuwaficha kasoro yake. Magurudumu yakiingia ndani, trekta linapoteza ukakamavu kwenye mteremko. Huko ni lazima yatolewe tena nje, hata kama kazi ni ya kugusa tu. Na kijiko chake hakifiki kina cha yale mashimo marefu ambayo baadhi ya watu hupenda. Mama Sululu akauliza mtu anafanyaje kijiko kikiishia juu na mteja anataka chini zaidi. Mzee akasema wengi humshusha mtu akamalizia kwa mkono.

Alilizunguka lile trekta, akasimama nyuma yake, akangoja kikohozi. Hakikuja. Alidhani angefurahi, lakini ukimya ule ulimtisha kuliko sauti yenyewe, maana hakujua kama mumewe amekubali au ameondoka. Akasema watalichukua hilo.

Kazi ya kwanza aliitafuta mwenyewe. Ilikuwa kwa yule nesi mstaafu. Nesi alifungua geti akaenda kukaa jikoni na mlango wazi. Walichimba shimo jipya uani, penye nafasi, kijiko kikipanda na kushuka, shemeji akiwa ameuma mdomo. Udongo uliotoka ndio walioupeleka kichochoroni kwa sepeto kulifukia lile la zamani. Mama Sululu alitangulia mbele kwa miguu, akimwelekeza kwa mkono, tairi zikipita karibu na kuta kiasi cha kukwangua chokaa. Mabati aliyafunua yeye. Ndani kulikuwa na giza, maji machache na vifusi. Hakuna la zaidi. Sepeto la kwanza lilipomwagwa alifumba macho. Shemeji alizima injini katikati, wote wawili wakabaki wanasikiliza jinsi udongo unavyojipanga chini. Kisha akawasha tena.

Kazi zilikuja baada ya hapo, nyingi kuliko walivyotarajia, na zilizo nyingi zilikuwa za vichochoroni. Watani wakasema Sululu amefufuka na magurudumu manne. Shemeji alicheka nao.

Halafu akaja mwenye nyumba ya ghorofa, mtu wa maneno matamu, aliyetaka shimo refu. Walikubaliana kina ambacho kijiko kingefika. Kilipofika, akataka liendelee. Akasema kimebaki kidogo tu, mtu mmoja ashuke kwa ngazi, kazi ya muda mfupi. Alimsifu shemeji kwa nguvu zake. Mama Sululu alishangaa kumwona shemeji ameinama, anafungua kamba za viatu. Uso wake ulikuwa mtupu, kama wa mtu aliyeitwa na sauti anayoifahamu.

Mama Sululu alipanda kwenye trekta, akazima injini, akachomoa ufunguo.

“Vaa viatu, shemeji,” alisema. “Mkono wa mashine umeishia hapa, na sisi tumeishia hapa hapa.”

Mwenye nyumba alipandisha hasira, kisha akabembeleza, mwisho akawaambia waondoke na mkosi wao. Wakaondoka. Walipokaribia nyumbani shemeji akasema hajui ni nini kilimshika mikono. Mama Sululu alimjibu kwamba hata yeye hajui.

Baadaye walisikia kwamba shimo lile lilimaliziwa. Alitafutwa mchimbaji wa jembe, akashuka, akachimba, akapanda salama. Mwenye nyumba alilitangaza hilo mtaani, na wapo waliomcheka Mama Sululu kwa woga wake. Hakuwabishia. Alichofanya ni kuulizia yule mchimbaji ni nani na hupatikana wapi. Wakamwelekeza kwenye kibanda cha chai karibu na soko la mbao.

Alimkuta ameketi kwenye benchi, kijana bado, udongo umemkauka kwenye vifundo vya miguu. Ameshika kikombe kwa mikono miwili, anapuliza mvuke wa chai, anakunywa. Mama Sululu aliketi mkabala naye na hakuagiza kitu. Alimtazama koo likipanda na kushuka, alimtazama kifua kikijaa na kutulia, mpaka yule kijana akashusha kikombe.

“Mama, tunafahamiana?”

“Hapana,” alisema. “Endelea kunywa.”

Kijana alisita, akamtazama tena, kisha akainua kikombe. Mama Sululu alibaki pale mpaka kikombe kikaisha.