Mwanamke wa Chumvi

Niliolewa Samuye mwanzoni mwa miaka ya thelathini, nikitokea Didia. Si mbali, lakini kwangu ilikuwa kama nchi nyingine. Mume wangu alikuwa mtu mwema, ila kabla hatujazoeana aliitwa na wanaume wenzake kwenda kufyeka pori la mbung'o, ng'ombe wapate malisho. Nikabaki na mama mkwe.

Mimi nilikuwa nimebatizwa, nilijua kusoma, na nilikuja na Biblia yangu ya Kiswahili. Yeye hakuwa Mkristo, na Kiswahili alikiita lugha ya sokoni. Hadithi, lakini, alizipenda mno. Alasiri tukimenya karanga aliniambia, "Mayu," yaani mama, ndivyo tulivyoitana, "soma hicho kitabu chako." Nami nikasoma kidogo kidogo, nikimgeuzia kwa Kisukuma.

Siku moja tukafikia mji ulioteketezwa kwa moto, na yule mwanamke aliyekimbia na mumewe, akakatazwa kutazama nyuma, akatazama, akawa nguzo ya chumvi. Mwalimu wetu wa ubatizo alitutishia sana kwa hadithi hiyo. Nikangoja mama mkwe ashtuke. Akacheka mpaka karanga zikamwagika.

"Chumvi! Baba mkwe wako aliifuata kwa miguu huko nyikani, akarudi nyayo zimepasuka. Na huyo mume akaiacha palepale?"

"Aliiacha, mayu."

"Mjinga." Akaokota karanga zake. "Huyo mwanamke alikuwa na ndugu kule mjini?"

"Nadhani."

"Basi kugeuka simlaumu. Ila angetazama, akalia, akaendelea na safari. Wewe nawe, kila jioni unasimama penye ua wa minyaa ukiangalia njia ya Didia, uji unaungua."

Nilitaka kukasirika, nikashindwa, maana alisema kweli. Nilikuwa nimekauka. Nilikula chakula cha nyumba ile bila kusikia ladha, nikaitikia salamu za majirani bila kuwatazama usoni. Ndipo nilipoelewa kwamba Maandiko hayakusimulia mji wa kale tu. Mji ule ulikuwa ndani yangu, na njia ya kutoka ilikuwa ndani yangu, na aliyesimama katikati, haendi wala harudi, ni mimi.

Kesho yake nikamwomba sehemu ya kulima. Akanipa kipande karibu na kijito, akaja mwenyewe kunionyesha namna ya kuinua matuta katika udongo ule mzito. Mume wangu aliporudi alinikuta nikicheka na mke wa jirani.

"Mama, umempa dawa gani?" akauliza.

"Dawa? Anayesoma ni yeye. Mimi namenya karanga."

Mvua zilipokuja nikapanda viazi, vikakubali. Baada ya mavuno nilikwenda Didia kuwasalimu wazazi. Mama yangu akanisihi nikae mpaka siku ya mnada.

"Siwezi, mama. Kule nyumbani nimeanika michembe, viazi vyangu nilivyokatakata, juu ya mwamba, na mawingu haya siyaamini."

Akanitazama kwa muda, akatabasamu, akaingia ndani kunifungia samaki wakavu nimpelekee mama mkwe.