Swali la Saba

Mji mzima ulimwita Mkoba. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye vyeti tu, na huko nako nadhani wino ulishaanza kufifia. Mkoba wenyewe ulikuwa wa ngozi ya kahawia, kifungo kimekatika, umefungwa kwa kamba ya kiatu, na ndani yake mlikaa fomu za bima na kalamu mbili. Ukimwona anaingia mtaani nao kwapani, ujue kuna mtu jioni hiyo atatia saini.

Kabla ya hapo alikuwa mkulima wa nyanya, tena si wa kubahatisha. Mwaka wake wa mwisho shambani nyanya zilikubali mpaka majirani wakawa wanazunguka njia ya mbali wasizione, kijicho kitupu. Matenga yalishapangwa, lori lilishaagizwa lije kesho yake. Mchana huo ikashuka mvua ya mawe, dakika ishirini, haikuzidi. Ilipokatika, yeye na kaka yake mkubwa, ambaye walikuwa wakilima pamoja, walisimama kwenye matuta miguu imezama kwenye rojo jekundu. Mwisho kaka akasema, "Basi, twende tukale." Ndivyo alivyokuwa kaka yake.

Bwana wa kampuni ya bima alipokuja kutafuta wakala, alimkuta Mkoba hana mbele wala nyuma, ana mke na watoto watatu. Angekataa ili iweje? Na kazi yenyewe ilimkubali. Wenzake walibeba vipeperushi. Yeye aliketi sebuleni kwa watu akawasimulia zile dakika ishirini, mama wa nyumba akaanza kujifuta macho, baba akaulizia kalamu iko wapi. Mteja wake wa kwanza alikuwa kaka yake huyohuyo, bima ya maisha. Alitia saini huku anacheka. "Nikifa," alisema, "usije ukawasimulia watu ile mvua kwenye mazishi yangu."

Sasa shida ilianzia hapa. Fomu ilikuwa na maswali kumi na mawili. Sita ya kwanza mepesi: jina, umri, kazi. La saba ndilo lenye miba: je, mwombaji ana ugonjwa wowote, au anatumia dawa yoyote ya kudumu? Jamani! Umkazie macho mtu mzima, nyumbani kwake, mkewe yuko pembeni, watoto wanachungulia mlangoni, umuulize anaumwa nini? Mkoba alilelewa vizuri mno, na malezi hayo ndiyo yaliyomponza. Mara ya kwanza alianza kuliuliza, akaishia kukohoa na kuandika Hapana. Mara ya pili akaliruka, akaandika mwenyewe njiani: Hapana. Kufika mwaka wa tatu alikuwa anajaza kabla hata hajatoka nyumbani. Anazipanga fomu mezani, anapita nazo moja moja, Hapana, Hapana, Hapana, huku mkewe anamtilia chai. Hata fomu ya mkewe aliijaza hivyohivyo, mwenyewe yuko jikoni anaosha vyombo. Aliitwa tu aje atie saini, akaja mikono imelowa, akasoma, akatia. Mkoba hakuwa mwizi. Aliamini kabisa kwamba anawasitiri watu.

Miaka tisa ilikwenda hivyo, na nyumba ikanyooka. Bati likabadilishwa. Binti mkubwa akapata nafasi kwenye chuo cha uuguzi. Jumanne ya kwanza ya kila mwezi mkewe alikwenda kwa msusi, akarudi na kilemba kichwani, na Mkoba akamtania kwamba anaolewa upya.

Kisha kaka yake akaanguka shambani, jembe mkononi. Presha. Alizikwa, watu wakatawanyika, na Mkoba akapeleka karatasi za madai mwenyewe. Baada ya miezi miwili mke wa kaka alikuja na barua.

"Nisomee tena, shemeji," alisema. "Labda macho yangu hayaoni sawa."

Mkoba alisoma. Kampuni ilisikitika kwamba haitalipa, kwa kuwa marehemu alificha ugonjwa wake wakati wa kujaza fomu.

"Alificha," shemeji yake akasema. "Yule mtu! Vidonge vyake si alikuwa anameza hapahapa mezani kwako, anakwambia hii ndiyo pipi yangu? Leo kalala kaburini hawezi kujitetea, wanamwita mwongo. Hela wakae nayo. Mimi nataka walifute hilo neno." Akamgeukia Mkoba. "Kwani ulipomuuliza, alikujibuje?"

Mkoba aliikunja barua ile. "Nitakwenda ofisini," ndilo neno pekee lililotoka.

Siku tatu alilipima jambo hilo. Akisema ukweli, unga umemwagika, na binti yake atarudishwa kutoka chuoni na sanduku lake. Akinyamaza, hakuna kiumbe atakayejua. Atakayeumia ni kaka yake, na kaka yake hayupo. Wazo hilo la mwisho ndilo lililomchoma zaidi. Ndugu aliyesimama naye kwenye matope yale, akamwambia twende tukale, leo amwache achafuliwe jina kwa sababu amekufa? Siku ya nne akapiga moyo konde, akafunga kamba ya mkoba wake, akaenda.

Meneja alikuwa mama mmoja mwenye miwani ya mnyororo, feni inampeperushia karatasi, kaziwekea kikombe cha chai zisiruke. Mkoba hakuketi.

"Kaka yangu hakudanganya," alisema. "Swali la saba hakuulizwa. Nilijaza mimi."

"Fomu hiyo moja?"

Hapo mlango ulikuwa wazi. Angesema ndiyo, angeponea chupuchupu, karipio moja na maisha yaendelee. Alimtazama yule mama, akatazama feni.

"Zote," akasema.

Meneja alivua miwani. "Mzee wangu, unaelewa ulichowafanyia hao watu? Kila mmoja anayeumwa, siku akifa, mkewe ataletewa barua kama hii. Umewauzia karatasi."

Uamuzi ulitoka wiki hiyo. Barua ya marehemu itaandikwa upya, neno lile litafutwa, na mjane atalipwa, kwa kuwa kosa ni la wakala. Wakala naye amepewa mwezi mmoja arudi kwa kila mteja, amuulize swali la saba ana kwa ana, aandike jibu analopewa. Baada ya hapo aache mkoba mezani kwa meneja asionekane tena.

Basi akazunguka. Aibu aliyoikimbia miaka tisa ikawa inamsubiri kila mlango. Mwalimu mkuu alimfukuza kama kibaka. Fundi baiskeli alicheka mpaka akakaa chini. "Nilidhani fomu zako zinaruka kutoka sita kwenda nane," alisema, kisha kicheko kikakatika, akamwambia kuhusu figo. Muuza duka, mwanamume wa miraba minne ambaye mtaa mzima ulimwogopa, alifunga duka mchana kweupe ili aeleze vizuri, akaeleza nusu saa. Mkoba aliandika Ndiyo nyingi kuliko alivyotarajia, na kila moja ilimuuma kama kofi.

Fomu ya mwisho ilikuwa ya nyumbani. Alimkuta mkewe kibarazani anakunja nguo zilizokauka.

"Niulize kama ulivyowauliza wenzangu," mkewe alisema. "Usinipendelee."

Mkoba akaketi kwenye kiti, akakohoa, akasoma swali neno kwa neno. Alishaiweka kalamu kwenye karatasi, tayari kuandika.

Mkewe alikunja shati, akalikunjua, akalikunja tena.

"Ndiyo," akasema.

"Ndiyo nini?"

"Moyo, baba watoto. Siku hizo za Jumanne naenda kliniki. Hukuwahi hata kuona kwamba chini ya kilemba nywele ni zilezile."

"Tangu lini?"

"Kabla ya hiyo fomu. Daktari aliniambia wiki ileile. Nilikuwa natafuta namna ya kukuanza, ukaniita nije nitie saini. Nikasoma, nikaona umeshanijibia." Aliliweka shati juu ya mengine. "Nikasema basi, huyu hataki kusikia."

Mkoba alitaka kusema kwamba hakujua, kwamba fomu zote aliziandika hivyo, kwamba hakuwa na maana hiyo. Yote yalikuwa kweli na hakuna hata moja lililofaa kitu. Machozi yalimtoka, akayaacha yatoke. Fomu aliiweka sakafuni bila kuandika chochote, kalamu juu yake, akavuta kiti mpaka magoti yao yakagusana.

"Inakuuma wapi?" akauliza.