Wembe na Barua ya Shemeji

Mtaani walimwita Daktari. Hospitalini walimwita Wembe, na hilo ndilo lilikuwa jina lake la haki, maana kazi yake kwa miaka kumi na tisa ilikuwa kunyoa wagonjwa wanaokwenda kupasuliwa kichwa. Basi, hiyo tu. Anakukalisha kitini, anakufunga shuka shingoni, anakutania kidogo usitetemeke, anakunyoa kichwa mpaka king'ae, halafu manesi wanakuchukua. Lakini ungemsikia jioni pale kibarazani kwake! Ungedhani yeye ndiye anayeshika kisu na daktari bingwa anamshikia beseni.

Hakuwa mtu mbaya, tusimwonee. Alipenda tu kuulizwa. Mtu akiumwa chochote, kabla hajafika zahanati alipitia kwa Wembe, naye hakuwahi kusema "sijui". Neno hilo lilimkwama kooni.

Shemeji yake, dada mkubwa wa mkewe, alikuwa fundi cherehani. Mgongo ulianza kumsumbua, akasema ni kuinama. Kisha mguu wa kulia ukaanza kufa ganzi. Siku moja ndala ilimtoka mguuni njiani, akaendelea kutembea hivyo hivyo mpaka jirani akamwita: "Mama, umeacha ndala yako huku!" Akashtuka. Akaenda zahanati, wakampima, wakamwandikia barua ya kwenda kliniki ya upasuaji wa ubongo, na wakamwambia asichelewe. Naye, kwa kuwa ana shemeji hospitalini, akaona ampelekee kwanza yeye barua ile, ili amshike mkono huko ndani.

Wembe aliisoma mbele ya watu, akaangua kicheko.

"Shemeji, hawa wamekosea mlango! Kwetu sisi ni vichwa. Kwani kichwa chako kina nini?"

"Kichwa changu kizima."

"Sasa unataka nikunyoe bure ubaki kipara? Miaka kumi na tisa sijawahi kunyoa mgongo wa mtu!"

Kibaraza kizima kikacheka, hata shemeji mwenyewe akacheka. Wembe akamwambia mgongo ni uchovu, akachuliwe, apumzike, akizidiwa atampeleka yeye mwenyewe kwa watu wa mifupa. Barua akaikunja akaitia mfukoni mwa shati. Na kusema kweli, hakuwa akidanganya. Aliijua kazi ile kwa kile kilichopita chini ya wembe wake. Wagonjwa wa mgongo hawakupita kwake. Walisukumwa moja kwa moja kwenye korido ya pili, wamelala, wakaandaliwa na manesi huko huko. Aliwaona wakipita, akadhani ni wa mifupa. Nani angemweleza kinyozi?

Shemeji akachuliwa wiki sita. Mguu wa kushoto nao ukafuata. Kisha asubuhi moja, mteja amesimama mbele yake akijaribu gauni, akahisi sketi yake imelowa. Haja ndogo ilikuwa imemtoka bila yeye kujua. Alitaka kuinuka akimbilie ndani, miguu ikakataa, akaanguka pale pale kati ya vitambaa.

Hospitalini, Wembe ndiye aliyemsukuma kwenye kitanda cha magurudumu, mkewe akikimbia pembeni. Akampeleka kwa watu wa mifupa. Daktari wa mifupa akamgusa vidole vya miguu, akamuuliza kuhusu haja ndogo, akasimama. "Huyu si wangu. Mkimbize upasuaji wa ubongo, sasa hivi."

"Lakini daktari, ni mgongo," Wembe akasema.

"Ndiyo. Kimbia."

Akafika na shemeji yake kwenye mlango anaoingia kila siku. Juu yake kulikuwa na kibao alichokuwa akikifuta vumbi kila Ijumaa: Upasuaji wa Ubongo, Uti wa Mgongo na Mishipa ya Fahamu. Siku hiyo ndipo alipokisoma chote. Uso ukamwaka kwa aibu.

Daktari bingwa, mama mmoja mpole asiyepaza sauti, akaitazama picha ya mgongo. Akamweleza mgonjwa taratibu kwamba ubongo hauishii shingoni. Una mkia unaoshuka ndani ya uti wa mgongo, na kutoka humo mishipa ya fahamu inakwenda mpaka kwenye vidole, na yote hiyo ni kazi yao, juu mpaka chini. Kwake yeye uvimbe ulikuwa umeubana mkia ule. Watautoa leo hii. Kama miguu itarudi, hakuweza kuahidi.

"Zahanati hawakukupa barua?"

Wembe akashika vyuma vya kitanda. Sema basi, we mwanamume!

"Walinipa," shemeji akajibu. "Nilikuwa na sare za shule za kushona. Nikapuuza."

Daktari akamgombeza, mama mzima, amelala kwenye shuka iliyolowa. Mkewe Wembe naye akamgombeza huku analia. Shemeji akapokea yote. Kwenye korido, mdogo wake alipotangulia kufungua mlango, akamwambia Wembe kwa sauti ya chini: "Nimenyamaza kwa ajili ya mdogo wangu. Si kwa ajili yako."

Walimpasua. Baada ya miezi miwili mguu wa kushoto ulikuwa umerudi, na haja aliweza kuizuia. Wa kulia ulirudi nusu: unasogea, lakini hauhisi chochote. Akitaka kushona, hajui kama umekanyaga pedali au sakafu. Kwa hiyo kila jioni Wembe hukaa chini, kando ya cherehani, mtu mzima na mvi zake, akitazama mguu wa shemeji yake. Kibarazani haonekani tena.

"Upo?" shemeji huuliza.

"Upo, shemeji."

"Na sasa?"

"Umeteleza. Rudisha kidogo. Hapo."

Jioni moja mkewe alikuja na chai, akamwona dada yake akihangaika, uchungu ukampanda upya. "Ungewahi tu, dada! Barua unayo mkononi, unakaa na sare! Sare!"

Shemeji alikuwa na sindano mdomoni. Hakumtazama mdogo wake, wala hakumtazama Wembe. Alisubiri.

"Hakukuwa na sare," Wembe akasema, macho kwenye pedali. "Barua aliniletea mimi. Nikamcheka mbele ya watu. Iko kwenye lile shati langu la kijivu mpaka leo. Naona aibu hata kuitupa."

Mkewe aliweka vikombe chini. Hakupiga kelele, na Wembe alitamani apige. Alimtazama dada yake, akamtazama mumewe pale sakafuni, akatoka nje.

Shemeji akaitoa sindano mdomoni, akanyoosha kitambaa.

"Mguu upo?"

Wembe akajifuta macho kwa mkono wa shati ili aone vizuri.

"Haupo, shemeji. Ngoja nikuwekee."