Mguno wa Mama Silvana

Yonas ana miaka ishirini na tisa na mtaa mzima hapa Kizwite unamwita Kikojozi. Mhalifu ni mimi. Julai ile ya baridi, kila asubuhi jamaa alikuwa anaanika magodoro mawili nje, na godoro likianikwa asubuhi kila mtu anajua maana yake. Nikapiga picha, nikaitupa kwenye grupu la mtaa: "Ndevu anazo, breki hana." Mpaka jioni lishakuwa jina. Hata Muhidin wa dukani anamuuliza, "Kikojozi, sukari robo au nusu?"

Siku nilipoingia chumbani kwake ndio nikaona aibu. Magodoro alikuwa anayasimamisha ukutani ili sauti isirudirudi, ukuta unayapa unyevu, asubuhi anayaanika. Katikati ya chumba kulikuwa na maiki ya mtumba, imefungwa kwa mpira wa tairi kwenye mpini wa jembe, waya wake umechomekwa kwenye simu, na yenyewe imevalishwa soksi. Hiyo soksi mpaka leo hajasema kama ilifuliwa.

Yote hayo yalikuwa kwa ajili ya mama yake, Silvana, mpiga ngoma wa kwaya kule Mollo kwa miaka thelathini. Mapafu yalikuwa yanamwisha na hospitali walishamwambia arudi nyumbani. Kwenye kwaya hakuna mwingine aliyeyajua mapigo yake yote. Yonas akataka ayarekodi, ili wanakwaya wabaki nayo.

Mama akaletwa na bodaboda, ngoma amepakata. Nikamsalimia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ndiye wewe uliyemwita mwanangu kikojozi?"

Nikatafuta pa kujificha.

"Usiogope. Alikojoa mpaka darasa la pili. Hukukosea sana."

"Mama!" Yonas akalalamika.

Tukawasha moto uani, tukaota pamoja na ngoma. Baridi hulegeza ngozi, kwa hiyo mama akawa anaigeuza, anaigonga kwa kidole, mpaka ikaitika. Tukaingia ndani. Akapiga.

Jamani, yule mama alijua. Ila kila baada ya mapigo kadhaa alikuwa anaguna, "Mmh!", halafu ndio anageuza pigo. Yonas akazima.

"Mama, huo mguno unaingia kwenye maiki."

"Mguno gani?"

"Huo wa 'mmh'. Na kikohozi pia. Tunataka ngoma tupu, isikike safi."

"Mimi sijawahi kupiga nikiwa kimya, baba."

"Jaribu tu."

Na mimi, mjuaji wa kuangalia video za mtandaoni, nikadakia, "Kweli mama, kelele zinaharibu."

Akajaribu mara tatu, ikashindikana. Mara ya tatu alicheka mwenyewe mpaka akakohoa vibaya. Ya nne akachukua pindo la kanga, akalijaza mdomoni, akaling'ata. Akapiga wimbo wote machozi yanamtoka. Hakuguna. Alipomaliza, kanga ilikuwa na damu kidogo, akaikunja upande wa ndani.

Simu ilikuwa imejaa, kwa hiyo Yonas akafuta zote za mwanzo.

"Na ile niliyocheka?" mama akauliza.

"Nimefuta, mama. Ile ilikuwa kelele."

"Haya."

Wiki tatu baadaye tukamzika Mollo.

Kwenye matanga wanakwaya wakataka kumwimbia. Yonas akaunganisha simu na spika. Ngoma ikatoka safi kabisa, hata chembe ya kelele haina. Wakaanza kuimba, wakapotea. Wakarudia, wakapotea tena. Mama Jenifa, mdogo wake marehemu, akanyoosha mkono wazime.

"Silvana yuko wapi humu?"

"Ndiye huyo anayepiga, mama mdogo."

"Silvana akitaka kugeuza anatuita. Anaguna, sisi tunaingia. Huyu hatuiti. Tutaingilia wapi?"

Siku ile waliimba bila ngoma.

Sasa hivi ukipita kwa Yonas utamkuta na spika za masikioni. Mwisho kabisa wa rekodi kuna kama sekunde moja: kanga inachomolewa mdomoni, mtu anaanza kuvuta pumzi. Hapo ndipo alipokata. Anairudia hiyo hiyo. Magodoro ameyarudisha kitandani. Picha nimeifuta kwenye grupu, jina limegoma kufutika, na yeye wala halimsumbui tena.

Kwa hiyo ninyi mnaosoma hapa: kama uliwahi kurekodi kwaya ya Mollo, harusini, msibani, hata kwa kasimu kabovu, watoto wanalia na jogoo anawika, itume. Kama humjui Mama Silvana, basi tuandikie hapo chini kuhusu kelele ya mtu wako uliyoifuta. Ila ukiwa na video yake, nakuomba, usiisafishe.