Kwenda Lweba Kung'oa Kompyuta

Kwa nini kituo kimoja cha afya, kati ya vituo vyetu vyote vya eneo la Fizi, kipotee kwenye mtandao kila siku saa saba na nusu mchana na kurudi saa nane kamili, kama karani aliyekwenda kula? Mkuu wangu aliniuliza hivyo Jumatatu asubuhi, ofisini Uvira. Nina shahada ya kompyuta na huwa nina maoni juu ya kila kitu, lakini swali hilo lilinishinda.

Kwa wasomaji ambao hawajawahi kuuziwa neno "wingu": ni kompyuta za watu wengine, katika nchi ambayo umeme haukatiki. Huko ndiko shirika letu la afya linakoweka orodha za wagonjwa. Lakini kati ya Fizi na wingu kuna antena, mvua na betri za sola, kwa hiyo kila kituo kina kompyuta yake ndogo, serveri, inayofanya kazi hata mtandao ukifa. Kila siku saa saba na nusu mchana, mara moja tu, serveri hupeleka orodha winguni, wingu huondoa walioandikwa mara mbili, kisha huirudisha ikiwa safi. Sisi ofisini tunaona kila kituo kama taa kwenye skrini. Kijani ni mzima, nyekundu ni mgonjwa. Mkuu wangu ni mtu anayeamini taa.

"Lweba wanachezea kazi," alisema. "Nenda ung'oe ile serveri, uilete. Wawe wanaandika moja kwa moja winguni kama vituo vya Ulaya."

Nilimuuliza amewahi kufika Lweba. Akaniambia gari linanisubiri.

Jumanne alfajiri tuliondoka na Papa Assani, dereva wa shirika, ambaye huendesha akiwa amenyamaza na huongea akiwa amesimamisha gari. Barabara inafuata ziwa, na mahali pengine ziwa linaifuata barabara. Kwenye kizuizi cha kwanza askari alitaka kujua sanduku langu la vifaa lina nini. Nikamwambia lina mtandao. Akalifungua, akatazama nyaya, akalifunga polepole.

"Njo huu?" akamuuliza Papa Assani, kwa Kiswahili cha huku ambako ndio ni "njo". "Njo maana hauendake."

Saa nne tulikuwa mtoni, daraja likiwa limelala upande mmoja tangu mvua za mwaka uliopita. Tuliwasubiri wanaume waliokuwa wakipanga mbao. Saa sita tulipita Lusenda, ambako kambi ya Warundi imekaa muda mrefu kiasi kwamba vibanda vyake vina majirani wanaogombana kuhusu mipaka. Lweba tuliipita bila kusimama, kwa sababu utaratibu wa ofisi unasema kwanza ukague antena kuu ya Baraka. Sikuuelewa utaratibu huo, ila niliufuata. Ndivyo shahada inavyofanya.

Baraka, saa tisa alasiri. Fundi wetu, Wilondja, alikuwa chini ya mnara na sahani ya bugali na mikebuka, samaki wa ziwani, ya kukaanga. Alinisogezea kiti kabla sijamsalimu.

"Karibu, ingénieur. Kula kwanza, antena haiko na njaa."

Nilikagua mnara, betri, nyaya. Vyote vizima. Nilimuuliza kwa nini basi Lweba inakatika.

"Haikatikake," alisema, akitoa mwiba mdomoni. "Banaikata."

"Nani?"

"Mama Titulaire, ule mukubwa wa bainfirmiers. Kila siku, na mukono yake."

"Na wewe unajua, hukuandika kwenye ripoti?"

"Kwa ripoti iko nafasi ya kuandika 'antena' ao 'batterie'. 'Mama' haiko."

Jumatano saa tano nilikuwa Lweba. Mama Nyassa, titulaire, yaani muuguzi mkuu wa kituo, ni mwanamke mpana mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa akipima mtoto, na hakugeuka.

"Weye njo ule wa Uvira mwenye kusema kila siku tuko barouge?"

"Shikamoo, mama. Siyo mimi, ni taa ndiyo inayosema nyekundu."

"Marahaba. Taa iko na mudomo siku hizi?"

Wanawake waliokuwa foleni walicheka. Nilikaa kwenye benchi, nikasubiri. Saa saba na dakika ishirini na tano Mama Nyassa alinawa mikono, akaenda kwenye kabati la serveri na kushika waya wa antena. Nilisimama mbele yake.

"Mama, usichomoe. Nimetumwa kuondoa mashine hii kwa sababu ya waya huo. Nipe sababu."

"Mashine ikienda, nitafanya na nini?"

"Utaandika moja kwa moja winguni."

"Kule kwenye banakulaka batoto?"

Nilidhani ni mzaha. Akaita, na kutoka foleni akaja mama mmoja Mrundi anayelima muhogo karibu na kituo, jina lake Consolata, mtoto mgongoni na mwingine mkononi.

"Huyu ni Bukuru, yule ni Butoyi," alisema Consolata. Kwao pacha wa kwanza ni Bukuru na wa pili ni Butoyi. Jina lenyewe linakwambia wako wawili. "Siku ya chanjo ya surua walisoma majina kwenye kompyuta. Wakamwita Bukuru. Butoyi hakuitwa. Nikajua zamu yake inakuja."

"Haikukuya," alisema Mama Nyassa. "Butoyi akapata rougeole, ile surua. Wiki mbili alilala pale." Alionyesha kitanda cha dirishani. "Mi nikaenda kutafuta jina yake kwa mashine. Haiko. Na nilimuandika na mukono yangu! Nikamuandika tena. Kesho yake, hayuko tena. Nikavizia. Saa saba na nusu, pap! anatoka. Njo nikaanza kuchomoa."

Sikuamini. Nilinakili orodha yote kwenye kompyuta yangu kwanza, kisha nikamwomba aache waya mahali pake siku moja tu. Tulisimama watatu mbele ya skrini, Consolata akiwa na mapacha wake, nikiwa na uhakika kwamba nitawaeleza wote jinsi mtu asiye fundi anavyoweza kukosea.

Saa saba na dakika thelathini na moja, mstari wa Butoyi ulifutika. Chini yake walifutika wengine, mmoja kwa kila jozi, mapacha wote wa Lweba. Mtoto mwenyewe alikuwa akivuta uzi wa miwani ya Mama Nyassa.

"Umeona?" alisema Mama Nyassa. "Sasa shika kalamu, weye, andika."

Nilifungua kanuni za usafishaji nitafute mpumbavu aliyeziandika. Kanuni ilikuwa fupi: watoto wenye mama mmoja, tarehe moja ya kuzaliwa na kijiji kimoja ni mtoto mmoja; futa wa pili. Majina yasiangaliwe, kwa sababu karani humwandika mtoto leo kwa jina la ubatizo na kesho kwa jina la nyumbani. Chini yake kulikuwa na herufi za kwanza za jina langu. Niliikumbuka hata siku niliyoiandika. Nilikuwa Uvira, na kahawa, na mkuu wangu aliniambia ni kazi nzuri.

Niliwaambia. Ningeweza kunyamaza, lakini Mama Nyassa alikuwa ananiangalia juu ya miwani.

"Kwenu hakunaka mapasa?" aliuliza.

"Mapacha wapo, mama."

"Basi ulikuwa unawaza nini?"

Nilibadilisha kanuni, nikarudisha orodha niliyoinakili. Alhamisi tulikaa tena mbele ya skrini saa saba na nusu, waya ukiwa umechomekwa. Butoyi alibaki. Consolata aligusa jina la mwanawe kwenye kioo kwa kidole chenye udongo.

Ijumaa tulirudi Uvira, serveri ikiwa imebaki kabatini mwake.

"Nilikutuma mashine, umeniletea mapacha," alisema mkuu wangu.

Ripoti yangu ilisema tatizo lilitokana na "kanuni ya ofisi". Ni kweli, na ni woga. Niliandika pia nilichojifunza: mashine ndogo iliyo karibu na watu inajua mambo ambayo wingu halijui, na taa nyekundu inaweza kuwa mtu anayekataa kosa. Sentensi hiyo ya mwisho waliifuta. Lweba ikapata onyo kwa kuchomoa waya, na Lubondja, kituo chetu kingine kule kwa wakulima, ikapata barua ya pongezi kwa sababu haikuwahi kukatika hata siku moja.

Nilikuwa nimerekebisha kanuni kwa ajili ya kesho. Ya jana, majina yaliyokwisha kufutwa katika vituo vingine, sikuyafikiria. Muda mrefu ulipita kabla sijatumwa Lubondja kubadilisha betri. Nikiwa huko nilifungua orodha yao, kijani tangu mwanzo, nikatafuta mapacha waliozaliwa kabla ya safari yangu ya Lweba. Hapakuwa na hata jozi moja.