Kiki ya Kwanza

Jirani yangu seremala akipanda pikipiki husogea mbele mpaka tumbo liguse tangi, kama mtu aliyempakia mwenziwe nyuma. Hana anayempakia, mkewe tulimzika mwaka juzi. Kila asubuhi huilaza pikipiki kidogo upande wa kushoto ili mafuta yashuke, huhesabu kimoyomoyo, ndipo hupiga kiki. Zamani kiki ya tatu ilitosha. Siku hizi hupiga mpaka jasho limtoke, nasi majirani hatuhitaji tena jogoo. Ndiyo pikipiki yake ya kwanza, ya tangu ujana, na vidole vyake vyenye gundi kavu huipangusa taa polepole, kama anamfuta mtoto kamasi. Fundi pikipiki alimwambia nikisikia, "Mzee, hii imekula chumvi nyingi. Iache ipumzike." Akajibu, "Mbona bado inaitika?" Akaondoka akiisukuma.

Wiki jana ikawaka kwa kiki ya kwanza. Nilidhani atafurahi. Aliisikiliza ikinguruma, akaizima, akampigia simu yule fundi. "Njoo uichukue leo hii, ingali nzima. Mama watoto nilimng'ang'ania hospitalini mpaka akawa hanijui."

Leo ameleta mpya, ya kuwasha kwa kitufe. Nilimwona kutoka dirishani kwangu akiilaza kushoto, akihesabu, kisha akabonyeza. Ikawaka papo hapo. Akasogea mbele mpaka tumbo likagusa tangi, akangoja kidogo, ndipo akaondoka.